Mtanzania anaweza kuchangia mgombea wa jimbo Marekani?

BintiKirumba: Wakuu, shemeji ni raia wa Marekani, tuko naye hapa Mwanza. Kura yake iko North Carolina, anataka kusaidia wagombea wa jimbo wanaotetea haki ya kutoa mimba. Nami naweza kuchangia?

Mwaloni: Hela yako hapana. Sheria yao inamkataza mgeni kuchangia uchaguzi wowote, hata wa jimbo. Kumpa shemeji akutumie kwa jina lake ni kosa pia. Kujitolea bila malipo, ruksa.

Sangara_72: Asikodolee ugavana tu. Mei 2023 Gavana wa huko, Roy Cooper, aliupigia veto (aliukataa) muswada wa ukomo wa wiki 12 wa kutoa mimba. Bunge la jimbo likaitengua veto hiyo kwa kura 72 kati ya 120, na 30 kati ya 50 kwenye seneti. Kiwango ni tatu ya tano, yaani hawakuwa na kura hata moja ya ziada! Hela iende kwenye viti vya bunge hilo vyenye ushindani mkali.

Mwaloni: Na fomu ya kura ya ng'ambo ajaze kila mwaka. Akitiki kwamba hana uhakika wa kurudi, baadhi ya majimbo humpa karatasi ya wagombea wa shirikisho (rais na bunge la taifa) tu. Hao wa jimbo hatawaona kabisa.

BintiKirumba: Kumbe! Hicho kiboksi alishakitiki. Anajaza upya leo.