Wiki ya kufunga shule Uingereza: mialiko sita, ruhusa ya siku moja. Mngekwenda upi?

Dereva wa Zamu (Coventry)

Wakuu, habari za huko mliko. Naomba ushauri kwa waliokwisha kupita njia hii, maana kwangu ni mara ya kwanza na kichwa kimejaa.

Naendesha basi. Mama watoto ni muuguzi, na wiki hiyo yuko zamu za usiku. Watoto wawili, shule moja ya msingi. Binti yuko mwaka wa sita, anamaliza, Septemba anaingia sekondari. Mdogo wake yuko mwaka wa pili, ana miaka saba. Muhula wa kiangazi unaisha Ijumaa ijayo, kisha likizo ya wiki sita.

Jana nilifungua begi la huyu mdogo nikatoa karatasi nne na ganda la ndizi la tangu Pasaka. Matangazo mengine yamekuja kwenye programu ya shule, ambayo siku hizi inaliza simu yangu kuliko ndugu zangu wote wa Tanga wakijumlishwa. Nikakaa na kalamu, nikayaandika yote kwenye karatasi moja na kuibandika kwenye friji. Nawanakilia kama ilivyo:

Jumatatu michezo, wakubwa 3:30, wadogo 7:15, mvua ikinyesha ihamie Jumatano. Jumanne kila darasa linashinda na mwalimu wa mwaka ujao. Jioni 12:00 igizo la mwaka wa sita, tiketi mbili kwa familia. Jumatano mwaka wa pili wanakula na wazazi uwanjani, 6:00. Alhamisi nguo za nyumbani, kila mtoto alete chupa moja ya bahati nasibu, gulio la shule baada ya masomo. Ijumaa mahafali ya mwaka wa sita, 3:15. Shule kufungwa 9:30 kama kawaida.

Kazini likizo zetu hupangwa kwa rota tangu mwaka unaanza, na wiki hiyo si yangu. Nimebembeleza nikapewa siku moja. Zaidi ya hapo nitafute mwenzangu wa kubadilishana naye zamu, na mwezi wa Julai kila mwenye mtoto anamtafuta mtu huyohuyo.

Nilikosoma mimi, Muheza, kufunga shule ilikuwa shughuli moja tu. Mnasimama mstarini, mwalimu mkuu anasoma tatu bora wa kila darasa, mnapewa ripoti, mnakimbia nyumbani. Au hamkimbii, kutegemea ripoti inasemaje. Marehemu baba hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu na hakuna aliyemsema. Huku ni tofauti. Krismasi iliyopita nilichelewa kwenye igizo la mdogo. Alikuwa jukwaani amevaa masikio ya punda, na macho yake yako mlangoni muda wote.

Sasa semeni. Hiyo siku yangu moja niiweke wapi? Na zawadi za walimu ni lazima? Kuna mwalimu, kuna msaidizi, kuna mama wa chakula cha mchana, mara watoto wawili. Nikipiga hesabu naona bora niwape basi lenyewe.

Mama Nuru (mwalimu msaidizi, Reading)

Kaka, pole. Mimi niko upande wa pili wa geti mwaka wa tisa huu, nakusemesha ninayoyaona.

Siku yako iweke Jumatatu, na sababu ni huyo mdogo. Mtoto wa mwaka wa pili akiwa kwenye mstari wa kuanzia hatazami filimbi, anamtafuta mtu wake. Nimewahi kumshika mkono mtoto aliyegoma kukimbia mpaka bibi yake afike. Wa mwaka wa sita siku ya michezo atajifanya hakujui, usiumie. Ijumaa ndiyo siku ya binti. Hiyo tafuta zamu ya kubadilisha kwa hali yoyote. Watalia wote, hata wale wababe, na mtoto anayelia anataka bega la kwao.

Jumanne mchana hawakuhitaji shuleni, ila wakirudi uwepo mtu wa kuwasikiliza. Asubuhi moja na mwalimu mgeni inatosha kumnyima mtoto usingizi.

Zawadi si lazima. Kadi aliyoiandika mtoto mwenyewe, yenye jina la mwalimu limekosewa herufi, ndiyo tunayoihifadhi. Nina vikombe kumi na vinne vya "mwalimu bora duniani" na mimi si mwalimu.

Mambo mawili ambayo hukuuliza. Pita kwenye sanduku la vitu vilivyopotea kabla ya Ijumaa, kwa sababu kwetu kisichochukuliwa kinakwenda duka la hisani. Na mdogo wako Septemba anaingia mwaka wa tatu: hapa Reading, na huko kwenu Coventry, chakula cha bure cha kila mtoto kinaishia mwaka wa pili. Kuanzia wa tatu ni kwa kipato, na lazima uombe. Kama mnastahili ombeni sasa, maana watoto wanaopata chakula kwa njia hiyo ndio pia wanaopewa nafasi za bure kwenye kambi za mchana za likizo zinazoendeshwa na halmashauri, michezo na mlo humohumo.

Kijana wa Pangani

Mkuu unajisumbua. Wiki ya mwisho hakuna masomo, wanatazama filamu tu. Kata tiketi Jumanne, nauli ya Dar iko chini kabla shule hazijafungwa, piga simu useme wanaharisha. Mnamaliza wiki mko Raskazone, ufukweni Tanga, mnakula pweza.

Mama Nuru

Pangani, wewe hujazaa. Mtoto wa miaka saba hawezi kuificha ndege. Septemba siku ya kwanza wanaambiwa wachore walichofanya likizo, anachora ndege na kuandika "tuliondoka Jumanne nikiwa mgonjwa". Nimeiona hiyo picha, tuliibandika ukutani.

Na faini zipo. Tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa mpaka siku 28 ni 160. Shule hutakiwa kuifikiria faini mtoto akifikisha siku tano za kukosa bila ruhusa ndani ya wiki kumi za masomo, kwa hiyo siku mbili tatu huenda akapona, lakini rejesta haifutwi. Wazazi wawili, watoto wawili, jipigie hesabu mwenyewe.

Shangazi wa Leicester

Sisi huku hufunga mapema kuliko ninyi, kwa hiyo yangu yamekwisha na nimekaa na miguu juu. Mwanangu, nina neno moja kuhusu Jumatatu: watatangaza mbio za kina baba. USIKIMBIE. Mume wangu alikimbia amevaa makubazi, misuli ya paja ikakatika mita kumi kabla ya kufika, na mpaka leo mvua ikitaka kunyesha yeye ndiye wa kwanza kutuambia. Beba mkeka, maji na kofia. Kivuli cha uwanjani hugombaniwa kama kanga za bure.

Halafu hizo saa zako za kwenye friji, 3:15 ni ya nyumbani au ya huko? Tulishamkosesha mtoto daktari wa meno kwa ajili ya hilo.

Dereva wa Zamu

Za nyumbani, Shangazi. Kwangu saa ni za Kiswahili, jua likichomoza tunaanza kuhesabu. Watoto wamekua nazo.

Mwalimu Mstaafu (Korogwe)

Nimesoma nikashangaa kidogo. Mahafali Ijumaa asubuhi, mgeni rasmi nani? Risala inasomwa na nani? Pilau? Huku mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na mahafali bila mgeni rasmi wa kuahidi mifuko ya saruji si mahafali. Huyo binti amefaulu lakini? Mmeshaona matokeo?

Dereva wa Zamu

Shikamoo mwalimu. Hakuna mgeni rasmi wala pilau, wanapewa juisi na biskuti. Matokeo yamekuja kwenye ripoti. Mtihani waliufanya Mei, unaitwa SATs, alama ya kutosha ni 100 na ya juu kabisa ni 120. Hisabati kapata 109, kusoma 104. Ila hapa mtihani hauamui anakwenda wapi, shule ya sekondari tuliijua tangu Machi.

Dereva wa Zamu (siku tisa baadaye)

Nimerudi kutoa mrejesho. Shangazi, kaa chini kwanza.

Jumatatu niliichukua. Jua lilikuwa kali na mkeka uliokoa familia tatu. Mdogo alishiriki mbio za yai na kijiko. Yai lenyewe la plastiki, na alilishikilia kwa kidole gumba mwanzo hadi mwisho mbele ya walimu wanne, akashika nafasi ya pili. Aliyeshika ya kwanza alilikumbatia kifuani. Binti, kama alivyosema Mama Nuru, alipita mbele yangu kama abiria asiyetaka kuonyesha tiketi. Mbio za kina baba nilikimbia. Sitaki kuizungumzia.

Jumanne mdogo alirudi akitangaza kwamba mwalimu wake mpya ana ndevu na kobe. Igizo nililiwahi dakika za mwisho, binti alikuwa baharia mwenye maneno mawili, na alipomaliza aliniona. Jumatano sikwenda. Alhamisi tulipeleka chupa ya mchuzi wa pilipili kwenye bahati nasibu, na baada ya tiketi za pauni tatu tukashinda chupa ya mchuzi wa pilipili. Si ileile, nimekagua.

Sasa Ijumaa. Jumatano alfajiri, kumi na moja kasoro, nikiwa depo, mwenzangu mmoja Msudani alikubali tubadilishane. Akaniuliza, unataka asubuhi au mchana? Nikafungua picha ya karatasi ya friji kwenye simu. 3:15. Jamani, pale depo kila kitu kinakwenda kwa saa zao, kichwa changu kimevaa sare. Nikaisoma kama wanavyoisoma wao. Nikamwambia nipe zamu ya asubuhi, niwe huru mchana.

Mngedhani nyumbani tungegundua. Jioni ile nilimwambia binti kwa furaha, nimepata, nitakuwepo saa tisa na robo. Akanirukia shingoni. Alhamisi akaniuliza tena, Baba, saa tisa na robo kweli? Nikamwambia kweli kabisa, nitakaa mbele. Mtoto huyu kazaliwa Coventry. Kwake saa tisa ni tisa, ile ambayo mshale unaelekea tisa. Watoto wamekua nazo, nilisema. Tukakubaliana siku mbili nzima, kila mtu na saa yake.

Mama watoto alitoka zamu ya usiku, akawapeleka, akawa anageuka aende kulala. Binti akamwambia subiri kidogo, Baba anakuja. Wakasubiri getini. Muda ule mimi nilikuwa na abiria thelathini kwenye barabara ya kwenda hospitali, simu iko begini kama kazi inavyotaka. Ujumbe niliukuta mwisho wa safari, saa nne kasorobo: "Uko wapi? Wanaingia." Wa pili: "Nimekaa mimi." Aliingia na sare yake ya wodini, macho mekundu, na kwa kuwa wazazi wote mle ukumbini walikuwa wanalia, anasema hakuna aliyejua kwamba yake yalikuwa ya uchovu.

Nilimaliza zamu saa saba. Saa nane na nusu nilikuwa getini peke yangu, na shati nililopiga pasi. Walipotoka, mwaka wa sita wote walikuwa na kalamu nene, wanaandikiana mashati mgongoni, mikononi, hadi kwenye kola. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Binti akaniambia, "Mama kanieleza. Saa zako hizo." Akageuka, akainua nywele. Chini ya kola kulikuwa na nafasi tupu, kama upana wa tiketi ya basi. Nimekaa nayo tangu asubuhi, akasema, kila mtu nilimwambia hapo usiandike.

Nilishika kalamu nikakosa cha kuandika. Nyuma yangu mdogo ananivuta suruali, ana sweta tatu za kwenye sanduku na hakuna hata moja yenye jina lake. Mwisho nikaandika tarehe, na chini yake "Baba, saa 9:30". Wino ukapenya mpaka kwenye ngozi, na Jumamosi asubuhi bado ulikuwa unasomeka.

Shangazi wa Leicester

Za mchana au za usiku?