Wauza nyumba ndio walioshitaki, maumivu tumeachiwa sisi madalali wa wanunuzi!

Wakuu, leo natema nyongo. Niko Houston, Marekani, kazi yangu kuwatafutia watu nyumba za kununua, wengi Wabongo na Wakenya wenzetu. Tangu tarehe 17 Agosti 2024 kazi imekuwa karaha tupu.

Zamani mwenye nyumba alitoa asilimia 5 au 6 ya bei, dalali wake akagawana na dalali wa mnunuzi, na fungu letu lilionekana kabisa kwenye mfumo wa matangazo ya nyumba tunaotumia madalali. Wauzaji wakaenda mahakamani kule Missouri: kwa nini tumlipe dalali wa mtu mwingine? (Hapo hata mimi siwalaumu.) Wakashinda Oktoba 2023, na Machi 2024 chama cha madalali wa Marekani, NAR, kikakubali kutoa dola milioni 418 yaishe. Masharti, yaliyoanza ile Agosti 17: fungu letu lisitajwe tena kwenye mfumo, na nisimwoneshe mteja nyumba hata moja kabla hajasaini mkataba wenye malipo yangu.

Mtu mmekutana Jumapili kanisani, hajaona hata kitasa cha mlango, unamtolea makaratasi! "Kaka, mkataba wa nini tena? Twende tukaone kwanza." Huyohuyo akiwa Dar alimpa dalali kodi ya mwezi mzima, na hela ya kuzungushwa juu, risiti hakuna.

Majuzi nimezunguka na dada mmoja wikiendi sita. Akapenda nyumba ya dola 300,000. Kajibana miaka minne kupata 10,500 za kuanzia, ile 3.5% ya mkopo wa FHA, unaodhaminiwa na serikali. Mkataba wetu 2.5%, yaani 7,500. Dalali wa muuzaji ananijibu kwa meseji kavu: mwenye nyumba anatoa 1%. Hizo 4,500 zilizobaki atoe nani? Benki haikubali kuzipachika kwenye mkopo. Dada akaanza kulia kwenye simu. Nikazifuta. Bado ofisi yangu haijakata chake, bado mafuta.

Halafu muuzaji mwingine akijisikia kutoa 3%, siruhusiwi kupokea zaidi ya kilichoandikwa. Kushuka ruksa, kupanda marufuku!

Na nyie mlioshangilia kwamba kamisheni ikibanwa nyumba zitashuka bei, ile ya dada ilitangazwa 300,000 na kanunua 300,000. Imeshuka senti ngapi?