Raman ya zirkonia juu ya nyuzi 1,200: leza ya 532, 405 au ya mapigo?

MkaaWaMaabara: Wakuu, habari za kazi. Nataka kufuatilia kwa Raman (kusoma mwanga wa leza unaorudi kutoka kwenye sampuli ukiwa umebadilika rangi kidogo) zirkonia tupu, yaani oksaidi ya zirkoniamu, inavyogeuka kutoka umbo la fuwele la monokliniki kuwa la tetragonali. Ukiipasha, inageuka karibu na nyuzi 1,170 za Selsiasi, kwa hiyo lazima nifike 1,200 na ushee. Tanuru dogo la chini ya darubini ninalo, linavumilia 1,500. Shida ni leza. Iliyopo ni ya wimbi la nanomita (nm) 785. Ya 532 naweza kuazima kwa jirani, ya 405 itabidi niombe bajeti. Kuna aliyeniambia bila leza ya mapigo (inayowaka kwa vipindi vifupi sana) nisijisumbue. Mnashaurije?

FundiSpektra: 785 isahau, mkuu. Kwenye 1,200 sampuli inawaka yenyewe, na mwanga wake umejaa upande wa nyekundu na infraredi, palepale unapotaka kusoma. Piga hesabu ya Planck, ya mwanga unaotolewa na kitu cha moto: kwenye 850 nm mwanga wa joto ni kama mara 60 ya ule wa 550. Shuka tena hadi 420, unapungua mara 60 nyingine. Halafu Raman yenyewe huongezeka wimbi likifupika: toka 785 hadi 532 karibu mara 4.7, toka 532 hadi 405 mara 3. Mimi ningepigania 405.

Bi_Oksaidi: Taratibu na bajeti za watu 😀 Kwa 1,200 tu, 532 inatosha ukibana kitundu cha konfoko (kile kidogo mbele ya kipokezi), maana kinakata mwanga wa joto unaotoka nje ya pale leza inapogusa. Na 405 ina gharama isiyosemwa: nanomita moja pale ni kama 61 cm⁻¹ (kipimo cha kilele kimehama kiasi gani kutoka kwenye leza), kwenye 532 ni 35. Grating yako (bamba la mistari linalotawanya rangi) isipokuwa na mistari ya kutosha, ile jozi ya vilele vya monokliniki vya 178 na 190 itaungana.

Ila kwa 532 chunga uchafu wa erbiamu (metali) ndani ya sampuli. Ikiwemo hata chembe, inatoa mng'ao wa kijani unaoangukia katikati ya vilele vyako, na wengi wameusoma kama Raman. Pima sampuli baridi kwa leza mbili: kilele kinachohama cm⁻¹ zake ukibadilisha leza si cha Raman.

KijanaWaTanuru: Hiyo ya mapigo nimeitumia kwa silikati zilizoyeyuka. Leza ikipiga mara 10,000 kwa sekunde na kipokezi kikifunguka nanosekunde 20 kila pigo, mwanga wa joto unaopita unapungua mara 5,000. Raha tupu. Lakini kipokezi cha aina hiyo ni ghali, na pigo likiwa kali linaunguza uso wa sampuli. Kwa kazi ya 1,200 ni kuua mbu kwa rungu. Ukienda karibu na 2,000 ndipo utaitafuta.

MkaaWaMaabara: Je, nikipima leza ikiwa imefungwa, kisha nikatoa huo mwanga wa joto kwenye spektra?

FundiSpektra: Fanya, utapata mstari ulionyooka. Kelele zake lakini zinabaki, huwezi kuzitoa. Na kipokezi kikishajaa hakuna cha kutoa tena.

Bi_Oksaidi: Kabla ya kununua chochote, jaribu upande wa anti-Stokes (mawimbi mafupi kuliko ya leza) kwa hiyo hiyo 532, kama kichujio chako kinaruhusu. Watu huuacha kwa sababu sampuli ikiwa baridi huwa dhaifu. Kwenye 1,200 kilele cha 260 cha tetragonali kinabaki na zaidi ya robo tatu ya nguvu yake ya upande wa kawaida (Stokes), na mwanga wa joto upande ule ni mdogo.

KijanaWaTanuru: Naunga mkono. Ila usiutegemee uwiano wa pande hizo mbili kama kipimajoto. Kwa kilele cha 640, toka nyuzi 1,100 hadi 1,200 unapanda toka 0.51 hadi 0.535 tu, utamezwa na kelele. Waya wa kipimajoto nao uko chini ya kikombe, wakati leza inasoma uso wa juu. Weka chembe ya dhahabu juu ya sampuli uangalie inayeyuka tanuru likisoma ngapi. Inatakiwa iwe 1,064.

MkaaWaMaabara: Nimewaelewa. Jumatatu naenda kuazima ya 532. Dhahabu ndiyo sijui nitaiombaje kwa mhasibu.