Nafika kazini nimebebwa, kisha naandikiwa barua ya utoro

Asalaam aleikum wanajamvi. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Naishi Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kisiwani; kazi yangu iko ng'ambo, Mokowe, upande wa bara. Karani wa hesabu, mwaka wa kumi na moja huu. Polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu. Natembea kwa chuma cha mguu na magongo mawili. Hesabu zangu hakuna aliyewahi kuzitia ila. Kinachoniumiza ni njia ya kufika kazini, na choo.

Watu huusifu mji wetu kwa kutokuwa na magari. Ni mji wangu, naupenda. Lakini kutoka nyumbani hadi gatini napishana na punda waliopakiwa mawe katika kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na gongo likikanyaga kinyesi kibichi huteleza kama limepakwa sabuni. Hapo bado chombo. Maji yakijaa navuka vizuri. Yakipwa wakati wa bamvua, boti iko chini kabisa, ngazi za gati zimeota mwani, siwezi. Mabaharia hunibeba. "Mshike kwapani! Wewe miguu!" Mtu mzima, na buibui langu, nainuliwa kama gunia la mkaa mbele ya wakwe zangu. Vijana wale nawaombea kheri, hawajanitoza hata ndururu. Lawama si yao.

Nikifika, choo cha ofisi ni cha kuchuchumaa, juu ya ngazi sita zisizo na pa kushika. Chuma nikikifunga, goti halikunji. Basi sinywi maji. Tangu alfajiri hadi saa kumi, kwa joto hili la kaskazi, midomo inakauka na mimi naitazama chupa ya mwenzangu mezani. Mwaka huu nimeugua njia ya mkojo mara tatu. Mara ya mwisho nilitetemeka usiku kucha, mama amenishika kichwa.

Daktari amenieleza kwamba mikono na mguu mzima vimefanya kazi ya mguu uliopooza kwa miaka arobaini, sasa misuli hiyo nayo inachoka. Ninywe maji, nipumzike, na kila Jumatano asubuhi niende fizio, tiba ya mazoezi ya viungo. Nikaomba siku hiyo niingie saa saba, saa zilizobaki nizifidie jioni nyumbani. Mkubwa akanijibu, "Dada, nikikupa wewe, kila mtu atataka." Kila mtu nani? Nani mwengine pale ana chuma mguuni? Wiki mbili baadaye nikapewa barua ya onyo. Utoro! Mimi ninayebebwa mikononi ili nifike!

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Sheria ya watu wenye ulemavu ipo tangu 2003, na mwaka 2025 ikaletwa mpya. Mimi sijaomba makubwa: bomba la kushikia ukutani, kiti cha choo, na asubuhi moja kwa wiki. Fundi nilimpigia simu mwenyewe akanipa bei, na haifiki ya makochi waliyonunua juzi kwa ajili ya wageni wa mkubwa.

Barua natakiwa niijibu kabla ya Ijumaa. Aliyepitia haya akapata haki yake, nielezeni mliandika nini na mlimpelekea nani. Kazi siachi.