Udongo mweupe wa malisho: jasi, chokaa au magadi? Tulinganishe

MchungaHesabu (Tanga)
Wakuu, salaam. Hoja ni nyanda kame za malisho, mfano upande wa Makanya kule Same. Juu ardhi ni nyeupe, nyasi za kuhesabu. Mmoja anasema jasi (gypsum, yaani salfeti ya kalisi), wa pili chokaa, wa tatu magadi. Tunatofautishaje kabla ya kupeleka sampuli maabara ya udongo ya Mlingano? Na kati ya kulima tupande nyasi, kuacha nyasi za asili, au kuchimba lambo kwanza, lipi lina nafuu?

BintiPongwe
Anza na siki. Chokaa hutoa povu; udongo wa huku kwetu kwenye mawe ya Amboni utachemka mbele ya macho yako. Jasi tupu haitoi hata tone la povu. Lakini povu likitoka usiseme hakuna jasi, mara nyingi viwili hivyo hukaa pamoja.

Kisha tafuta vinavyong'aa. Jasi hukwaruzika kwa ukucha. Isikuchanganye na ulanga: karatasi ya ulanga ukiikunja inarudi, ya jasi inabaki imekunjika.

Kipimo cha uhakika zaidi ni asetoni. Gramu 10 za udongo uliokauka kivulini, mililita 100 za maji yaliyokenekwa, tikisa mara kwa mara kwa nusu saa, chuja. Chukua mililita 5 za maji hayo, ongeza mililita 5 za asetoni. Wingu jeupe likijitokeza, jasi ipo. Watu hukosea mahali pawili. Wanachuja kwa kitambaa, mfinyanzi unapita, wanaona ukungu wakadhani ni jasi. Maji lazima yawe maangavu *kabla* ya asetoni. Na duka la spea lina chupa mbili zinazofanana, maji ya kuongezea betri (ndiyo yaliyokenekwa) na asidi ya betri. Ya pili ni asidi ya salfa, itakupa salfeti ambayo udongo hauna. Asetoni inashika moto, weka jiko mbali.

NyikaMkinga
Dada yuko sahihi, ila udongo wenye salfeti ya sodiamu nyingi nao unaweza kuleta wingu. Mwenye kipima chumvi ana njia nyingine. Changanya udongo 1 kwa maji 5, soma. Kisha 1 kwa 10, soma tena. Chumvi ya kawaida itashuka karibu nusu. Jasi itabaki palepale kwenye dS/m (kipimo cha chumvi majini) 2 na kidogo maadamu punje hazijaisha, kwa sababu lita moja ya maji haiyeyushi zaidi ya gramu 2.5 hivi. Chumvi ni waja leo waondoka leo. Jasi ndiyo mwenye nyumba.

Magadi utayajua kwa pH: yakipita 8.5 fikiria sodiamu. Jasi hukaa 7 hadi 8 na kidogo.

Kaskazi_74
Sasa mbona mnahangaika? Kila mahali tunaambiwa jasi ni dawa ya udongo. Mwageni jasi, mwagieni maji, basi.

NyikaMkinga
Kaka, dawa ya magadi hiyo. Kalisi ya jasi inaifukuza sodiamu. Kwa kila sentimoli 1 (kipimo cha maabara) ya sodiamu kwa kilo ya udongo, kina cha sentimita 15, unahitaji karibu tani 1.7 hadi 2 kwa hekta. Udongo ambao tayari ni jasi hauna cha kutibiwa. Shida yake ni njaa: haushiki mbolea, kalisi inabana fosforasi na kuzidi nguvu magnesi na potasi. Jasi ya unga chini ya asilimia 25 nyasi huvumilia, ikizidi hapo mavuno huporomoka. Na kukiwa na tabaka lililoganda chini, mizizi inageukia hapohapo. Piga mtarimbo hadi nusu mita kabla ya kupanga lolote.

Kwa hiyo kulima naweka mwisho kabisa. Gamba la juu jangwani si uchafu, ni likeni (viumbe kama ukoga) na vijidudu vinavyoshika vumbi. Kwenye tambarare za jasi za Namib alama za magurudumu hubaki miongo mingi. Ukipitisha plau umeufungulia upepo mlango. Acha nyasi za asili, zungusha mifugo, kwato zisikae palepale.

FundiLambo
Upande wa maji: usichimbe lambo la udongo mtupu kwenye jasi. Maji yanayeyusha njia, yanatoboa chini, siku moja unakuta shimo na lambo limekauka. Mfinyanzi wa kushindiliwa sentimita 30 unachelewesha tu. Nailoni nene ya bwawa ni afadhali, mradi maungio yawe mazima, maana penye tundu moja ndipo shimo linapoanzia. Kwa mifugo michache mimi napendelea simtanki juu ya jukwaa la mbao au chuma. Jukwaa la zege la saruji ya kawaida salfeti italivimbisha lipasuke. Tumia saruji inayostahimili salfeti.

Na maji ya kisima yaliyoshiba jasi yana salfeti karibu miligramu 1,400 kwa lita. Kwa ng'ombe, kuanzia 1,000 tayari ni pa kuangalia: shaba inapungua mwilini, manyoya yanapauka.

MchungaHesabu
Nimewapata. Mwisho: unyevu wa sampuli tukaushe kwa nyuzi 105 kama kawaida?

BintiPongwe
Hapana! Jasi ina maji ndani ya punje, karibu asilimia 21 ya uzito, na joto hilo linayatoa. Udongo wenye jasi asilimia 30 unaweza kukuonyesha unyevu wa uongo wa asilimia 6. Kausha kwa nyuzi 40 hadi 50, pima kila siku mpaka uzito usimame, na uandike kwenye mfuko wa sampuli "ina jasi" ili watu wa maabara nao wasiitie tanuri ya 105.