Naombeni ushauri: nikimwita mlezi wake shuleni, mtoto anapigwa zaidi

Mwl_wa_Tatu

Habari za jioni wadau. Nafundisha darasa la tatu, shule ya msingi ya serikali, kijijini. Nina mwanafunzi wa kiume wa miaka tisa ambaye habari zake zinaninyima usingizi.

Anaishi kwa mama yake mdogo na mumewe. Mama mzazi yuko mjini anatafuta maisha. Mwaka jana alikuwa wa kunyoosha kidole hata jibu asipolijua. Tangu shule zifunguliwe anasinzia vipindi viwili vya kwanza, shati ni lile lile Jumatatu hadi Ijumaa. Uji wa saa nne wanapewa waliochangia, yeye hakuchangiwa, basi huenda kukaa bombani mpaka wenzake wamalize. Nikaanza kumlipia. Siku ya kwanza aliunywa ukiwa bado wa moto, hakupumzika hadi kikombe kikaisha. Kengele ya kurudi nyumbani ikigongwa ndipo anatafuta kazi: mara afagie, mara apange madawati.

Kisha siku moja akiinama kuchota maji, shati likapanda. Mgongo una mistari ya waya, mipya juu ya iliyokauka.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Akamwandikia mlezi barua, akampa mtoto mwenyewe aipeleke. Mlezi akaja, mpole kabisa, akasema mtoto ni mdokozi ila atajirekebisha. Mtoto hakuonekana siku tatu. Aliporudi aliniambia, "Mwalimu, usimwite tena."

Nifanyeje asaidike bila mimi kumponza? Mkuu wangu anasema tusiingilie ya familia, na mwenyekiti wa kijiji ni shemeji wa huyo mlezi.

Baba_Pacha

Pole sana mwalimu. Mimi ningempigia mama mzazi kwanza. Ukianza na serikali, mtoto ataishia kituo cha kulelea watoto na ndugu watakulaumu wewe.

Bi_Ustawi

Baba Pacha, naelewa hofu yako, lakini mama mzazi akipigiwa kabla hajaandaliwa, kitu cha kwanza atakachofanya ni kumpigia mdogo wake na kumfokea. Usiku huo huo mtoto atalipia.

Mwalimu, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, sasa nimestaafu. Barua ile ndiyo iliyomuumiza. Mtoto hapewi barua ya kumshitaki anayempiga, halafu akalala naye nyumba moja. Na kisheria hiki si cha familia peke yao: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au mlezi mwenye uwezo anamnyima chakula, mavazi au matibabu, aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Huhitaji kuwa na uhakika wa nani alishika waya. Kuchunguza si kazi yako.

Usipitie kwa mwenyekiti. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, na kama kata yenu haina, panda halmashauri. Nenda na maandishi: tarehe, ulichokiona kwa macho yako, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usiyapambe. "Anasinzia, tarehe fulani, kipindi cha kwanza" ina uzito kuliko "anateswa". Usimpige picha mgongo ukaituma kwenye kundi la walimu. Usimhoji kila siku, maana kila anaporudia anaumia upya. Wala usimuahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia.

Afisa ana mamlaka ya kumwita mlezi na kuweka makubaliano, na yasipotekelezwa shauri linakwenda mahakamani. Kituo huwa cha mwisho. Kwanza hutafutwa ndugu.

Ukiona jeraha bichi usingoje ofisi ifunguliwe. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, watatoa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali. Na 116 ni bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Mama_Shukuru

Mwalimu, hariri bandiko lako kwanza! Hilo la mwenyekiti na shemeji linatosha mtu wa hapo kijijini kumjua mtoto ni nani.

Mwl_Mstaarabu

Naomba niseme la kwetu walimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya watoto wetu walipigwa kabla ya kufika miaka 18, na walimu tulitajwa pamoja na ndugu. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema fimbo ni ya mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, zisizidi nne, na ziandikwe kitabuni. Nani anafuata? Mimi niliiacha kabisa, na mwaka huo huo ndipo mtoto wa kwanza aliponifuata kunieleza ya nyumbani kwao. Huyo wako amekuamini. Hakikisha hapo shuleni hakuna anayemchapa kwa kusinzia.

Mwl_wa_Tatu

Nashukuru wote. Mama Shukuru, mfumo haunipi tena nafasi ya kuhariri, nimewaomba wasimamizi wafute sentensi ile.

Mrejesho. Nilikwenda halmashauri Jumatatu na kurasa mbili za tarehe. Afisa alikuja kijijini akapita nyumba tano za watoto wenye mahudhurio mabaya, hivyo hakuna aliyejua nani amesema. Nyumbani kwa mlezi alikuta mtoto analala jikoni juu ya gunia. Mama mzazi aliitwa na ofisi yenyewe, akaja, akalia sana. Wamekubaliana mtoto aende kwa bibi mzaa mama, wilaya ya jirani, na afisa wa huko ameshajulishwa.

Jana alikunywa uji akaomba wa pili.

Nina swali moja limebaki. Shule anayohamia niwaambie nini, na kiasi gani?

Bi_Ustawi

Ongea na mwalimu wa malezi wa huko, mmoja tu. Mweleze kwamba anahitaji uji, anahitaji muda, na asichapwe. Mengine yabaki kwenye faili la ustawi. Na bahasha ya uhamisho, mwalimu, ipeleke mwenyewe au mpe bibi. Usimpe mtoto.