Kipanya cha Attack Shark X3 kwa shilingi 110,000: niangalie nini kabla ya kununua?

Mchezaji wa Mlandege:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Kipanya changu cha zamani kimeanza kuhesabu mbofyo mmoja kuwa miwili, na katika mchezo wa kulenga shabaha wa Counter-Strike 2 kasoro hiyo inanitia hasara kila raundi. Duka moja hapa Mlandege linauza Attack Shark X3 kwa shilingi 110,000. Boksi lake limeandikwa DPI 26,000, kihisi (kile kijicho cha chini kinachosoma mwendo) cha PAW3395 na uzito wa gramu 49. Sijampata mtu hapa Unguja aliyekitumia, na kwa kuwa mwenye duka hapokei mali iliyokwisha kutoka, naomba mnieleze nikikague vipi palepale.

Fundi wa Chake:
Wa alaykum salaam, kaka. Hiyo 26,000 isikushughulishe. DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya huhesabu kila kinaposogea inchi moja, kwa hiyo ukiiweka kwenye kiwango hicho, kishale kitavuka kioo chenye upana wa pikseli, yaani nukta, 1,920 kabla mkono wako haujamaliza milimita mbili, na hapana mtu anayeweza kulenga shabaha namna hiyo. Ukitumia 800, kama wachezaji wengi, safari hiyohiyo inataka sentimita sita hivi.

Kilicho muhimu ni kihisi chenyewe. PAW3395 hutengenezwa na PixArt ya Taiwan, ambayo vihisi vyake vimo hata ndani ya vipanya vya bei kubwa, nacho kinaweza kufuata mwendo wa hadi inchi 650 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba jina la kwenye boksi haliwezi kujishuhudia. Nenda na kompyuta yako na rula. Zima kwanza ule mpangilio wa Windows unaomwongezea mbio kishale kila mkono unapoharakisha, weka DPI 800, kisha fungua programu ya kuchorea ya Paint na uchore mstari huku ukikisogeza kipanya inchi moja. Mstari unapaswa kukaribia pikseli 800. Baada ya hapo kiegemeze kwenye rula, kivute kushoto kwa nguvu zako zote na ukirudishe taratibu mahali pake. Kishale kikisimama mbali na kilipoanzia, basi kihisi kimepoteza hesabu katikati ya mwendo, nami nisingetoa hata nusu ya bei hiyo.

Mama Salim, Wete:
Mdogo wangu, aliyoyasema fundi ni ya kweli, lakini huku kwetu visiwani kihisi si kitu cha kwanza kufa. Hewa ya chumvi na unyevunyevu wa masika huzishambulia zile bati ndogo zinazogusana ndani ya swichi ya kitufe, na hapo ndipo mbofyo mmoja unapogeuka miwili. Kibofye kila kitufe mara hamsini bila haraka huku ukisikiliza. Mlio wa kulia na wa kushoto uwe mmoja. Ukiona kipanya kimevishwa mpira ubavuni, kiache. Nilikuwa nacho cha namna hiyo, na kabla mwaka haujaisha ule mpira ulikuwa unanata vidoleni kama halua, ikabidi niukwangue wote kwa spiriti.

Jambo jingine ni kile kipokezi chake kidogo cha USB. Usikichomeke nyuma ya kompyuta jirani na tundu la USB 3, kwani matundu hayo huweza kuvuruga mawimbi ya 2.4 GHz ambayo kipanya kisicho na waya huwasiliana nayo na kipokezi. Tumia waya wa kurefushia, ukiweke mezani karibu na mkono.

Mchezaji wa Mlandege:
Ahsanteni sana, nimetoka dukani sasa hivi. Mstari ulifika pikseli 792, na baada ya kukivuta kwa nguvu mara tatu, kishale kilirudi karibu kabisa na alama yangu. Kasoro niliikuta kwenye kitufe cha mbele cha ubavuni, ambacho kilikwama nilipokibonyeza kwa ncha ya kidole gumba. Nilimwomba muuzaji afungue boksi jingine, nikarudia majaribio yote tangu mwanzo, na hicho cha pili ndicho nilichokilipia shilingi 105,000. Cha zamani nimempelekea fundi wa redio Darajani, aliyekubali kubadilisha swichi yake kwa shilingi 8,000, ili mdogo wangu akitumie kwa kazi zake za skuli.